Kwa nini walicheka mama alipolia?

Swali: Yaya (mkubwa wangu), nimemaliza filamu yangu ya kwanza, dakika 12, niliyoipiga kwa simu hapa Katuba, Lubumbashi. Ni habari ya mama muuza makala (mkaa) anayeweka pesa ya minervali, ada ya shule ya mtoto wake, ndani ya kopo. Mtoto anaichukua, ananunua simu. Nilipoionyesha kwa watu wa avenyu yetu, pale mama anapokuta kopo tupu na kulia, watu walicheka. Wengine waliniuliza mtoto anaongea na nani kule dukani. Rafiki yangu anasema nikate haraka haraka kama video za muziki, watu wasichoke. Nimetia madoido kati ya picha na muziki mwanzo hadi mwisho, lakini wapi. Kosa ni la waigizaji au la montaji, kule kukata na kuunganisha picha?

Jibu: Mdogo wangu, nimeitazama filamu yote, na tukio la kopo nimelirudia mara kadhaa, kwanza bila sauti, kisha sauti bila picha. Mama yule anaigiza vizuri kuliko unavyodhani. Kilichomwangusha ni mahali ulipomweka. Usimsumbue arudi kuigiza; karibu kila kitu cha kulinyoosha tukio lile unacho tayari katika rushi ulizonitumia, zile picha zote ulizopiga kabla ya kuzikata.

Tuangalie ulivyopanga. Mama anaingia chumbani. Mara tunauona uso wake, karibu kabisa, unajikunja, machozi yanatoka, sekunde 11 nzima. Baada ya hapo ndipo linakuja kopo, kwa muda usiofika sekunde moja. Kwa hiyo katika sekunde zote zile 11 mtazamaji hajui mama ameona nini. Analia nini? Ameumwa na nge? Amefiwa? Uso unaojikunja bila sababu inayojulikana huchekesha, na watu wa avenyu yako wana sababu ya ziada: mwigizaji ni jirani yao, asubuhi walikuwa naye bombani. Kama hujawapa kitu cha kuwafanya wamsahau jirani, watamwona jirani.

Zaidi ya miaka 100 iliyopita, mjini Moscow, mwalimu wa sinema aliyeitwa Lev Kuleshov alichukua plani moja, yaani kipande kimoja cha picha kisichokatwa, ya uso wa Ivan Mozzhukhin, mwigizaji aliyejulikana sana Urusi wakati huo. Uso ulikuwa umetulia, hauonyeshi kitu. Akaiunganisha na picha ya sahani ya supu. Plani ileile akaiunganisha na picha ya maiti ndani ya jeneza, halafu na ya mwanamke aliyejilaza. Waliotazama wakamsifu mwigizaji: tazama anavyoitamani ile supu, tazama msiba unavyomlemea, tazama anavyomtaka yule mwanamke. Uso ulikuwa mmoja tu. Mkanda wenyewe haupo tena, tunaujua kwa masimulizi ya Kuleshov na ya mwanafunzi wake Vsevolod Pudovkin, na masimulizi yao hayalingani katika kila kitu. Lakini jambo lenyewe unaweza kulijaribu leo jioni kwa simu yako. Piga uso wa ndugu yako akiwa hana habari, uunganishe na sahani ya bukari (ugali), kisha na kitanda cha hospitali, halafu waulize watu wanaona nini.

Huzuni, basi, huitia mtazamaji mwenyewe. Wewe unampa sababu, kisha unampa uso wenye nafasi ya kuipokea. Ulichofanya ni kumpa uso uliokwisha kujaa, na sababu ukaichelewesha. Hakubakiwa na kazi ya kufanya, akacheka.

Katika rushi zako kuna plani moja uliyoitupa. Mama ameshika mfuniko, anaangalia ndani ya kopo, na kwa karibu sekunde tatu hafanyi kitu chochote. Hapumui hata. Nadhani uliitupa kwa sababu mwishoni sauti yako inasikika ikimwambia, “Mama, lia sasa.” Sauti inafutika, mdogo wangu. Sekunde tatu zile ndizo filamu yako.

Panga hivi. Mkono wa mama unainua godoro, unatoa kopo, unaanza kuubandua mfuniko. Kata hapo, mkono ukiwa bado unakwenda, uingie kwenye plani ya karibu ya kopo ambamo mfuniko unamalizikia kutoka. Jicho la mtu likiwa linafuata mwendo haliushughulikii mkato. Ukingoja mkono usimame ndipo ukate, kila mtu atauona. Kisha kopo tupu, sekunde mbili au hata mbili na nusu, kwa maana chumba chako kina giza na mtu anahitaji muda wa kutambua kwamba anachokiona ni kitako cha kopo. Ndipo uso, ule usiofanya kitu. Halafu toka. Machozi ya karibu yaache kabisa. Unayo plani ya mwisho ambapo mama amekaa kitandani ametugeuzia mgongo. Hiyo inatosha, na nakuhakikishia watu watayaona machozi ambayo hukuwaonyesha.

Kuna njia nyingine, na kwa hadithi kama yako mimi ndiyo ninayoipenda zaidi. Alfred Hitchcock, mwongozaji wa filamu, alizoea kuieleza kwa mfano wa bomu. Watu wanazungumza mezani, bomu linalipuka ghafla: umewashtua watazamaji kwa sekunde 15. Lakini waonyeshe mapema kwamba bomu liko chini ya meza na saa ngapi litalipuka, na mazungumzo yaleyale ya ovyo yatawaweka roho juu kwa dakika 15. Sasa angalia filamu yako. Dakika ya pili una plani nzuri sana, pengine nzuri kuliko zote: vidole vya mama, vyeusi kwa makala, vinahesabu noti za franka pale soko la mtaa wetu wa Kenya, vinazikunja, vinazitia ndani ya kitambaa. Ilipo sasa inatuambia tu kwamba mama huyu anafanya kazi. Ihamishe. Acha kwanza mtoto achukue pesa, aende dukani, simu iwe mfukoni mwake; ndipo utuletee vidole vile vinavyohesabu. Hata noti moja hujaibadilisha, lakini sasa tunajua kitu ambacho mama hajui, na kila franka inayohesabiwa inauma. Kisha endelea kupokezana: mama njiani na gunia tupu begani, mtoto anajipiga picha, mama anakaribia nyumbani, mtoto anacheka na wenzake. Mpokezano huo wa sehemu mbili ni wa zamani, mwongozaji D. W. Griffith alikuwa akiutumia Marekani tangu 1908, na haujazeeka. Angalizo moja: kadiri mama anavyokaribia kopo, fupisha plani kidogo kidogo. Mtazamaji hatajua kwa nini moyo wake unaenda mbio.

Ukichagua njia hii ya pili, mama akifungua kopo hatuna haja ya kuona ndani yake hata kidogo. Tunajua. Unaweza kwenda moja kwa moja usoni.

Nije kwa rafiki yako wa kukata haraka haraka. Hajakosea kabisa. Ile plani ya mwanzo, mtoto akitembea avenyu nzima mpaka anapotelea kwenye kona, ina sekunde 40, na baada ya sekunde sita tumekwisha kuelewa kwamba anatembea. Hiyo ifupishe bila huruma. Na ni kweli mikato imeongezeka duniani: David Bordwell, aliyechunguza filamu nyingi za Hollywood, alionyesha kwamba kati ya 1930 na 1960 plani moja ilichukua kwa wastani sekunde 8 hadi 11, na kufikia mwisho wa karne ya 20 wastani wa kawaida ulikuwa umeshuka hadi sekunde 3 hadi 6. Lakini huo ni wastani wa Hollywood, si sheria ya filamu yako. Video ya muziki nayo hukata haraka kwa sababu hakuna habari ya kufuata. Wimbo ndio unaoshika kila kitu pamoja. Ukikata haraka hadithi ya mama na mtoto wake, utakachokata ni nyuso.

Mimi hujiuliza jambo moja tu: katika plani hii, mtazamaji bado anapata kitu? Plani ya mbali yenye soko zima, watu, magunia, baiskeli za makala zimepangwa, inahitaji muda mrefu kwa sababu jicho linatembea. Plani ya karibu ya ufunguo inaisha haraka. Uso unaowaza unaweza kukaa sana. Walter Murch, Mmarekani aliyefanya montaji ya The Conversation, filamu ya 1974, aligundua kazini kwamba kila alipotaka kukata, mara nyingi mwigizaji Gene Hackman alikuwa akipepesa jicho karibu na palepale. Akafikia wazo kwamba mtu hupepesa pale fikra moja inapokwisha na nyingine kuanza, na mkato mzuri unaangukia hapohapo. Nenda kwenye rushi zako umtazame mama: katika zile sekunde tatu za ukimya hapepesi hata mara moja, halafu anapepesa. Kata pale. Murch huyuhuyu alipopanga mambo ya kuzingatia unapokata, hisia aliipa 51 kati ya 100, na usahihi wa nafasi, nani amesimama wapi chumbani, akauweka chini kabisa. Wanaoanza huenda kinyume. Wanapoteza usiku mzima wakihangaika kwamba kikombe kilikuwa mkono wa kushoto, na mtazamaji alikuwa anaangalia macho.

Sikuambii ukate kila kitu vipande vipande. Tukio la mteja anayekataa kulipa deni la makala, pale mama anapomfuata akimtukana kwa adabu, umelipiga lote kwa plani moja ya mbali na hukulikata. Usiliguse. Sisi wa Lubumbashi tumelelewa na michezo ya kuigiza; wazazi wetu walikuwa na Mufwankolo na kundi lake redioni, kwenye televisheni na jukwaani, kwa Kiswahili chetu hiki, na utamu ulikuwa katika maneno yanayopokezana na miili iliyosimama pamoja. Kichekesho kinataka mwili mzima. Ukimwendea karibu yule mteja tutapoteza miguu yake inavyorudi nyuma polepole, na ndiyo inayochekesha. Watu walicheka hapo pia, si ndiyo? Hicho ni kicheko halali, kihesabu.

Kuhusu dukani jibu ni fupi. Mtoto anaangalia kulia kwa skrini, na muuzaji naye anaangalia kulia, kwa hiyo inaonekana wote wawili wanaongea na mtu wa tatu asiyeonekana. Ulivuka upande: kati ya watu wawili wanaozungumza chora mstari kichwani, na kamera ibaki upande mmoja wa mstari huo. Kwa sasa unaweza kuigeuza plani ya mtoto kama kwenye kioo, programu yoyote ya montaji ina kitufe hicho. Plani ya muuzaji usiigeuze, nyuma yake kuna bango la bei na litasomeka kinyumenyume. Na kule kupepesa kwa taa ya duka, hilo halitatoka vizuri kwenye montaji. Umeme wetu ni wa hezi 50, na kamera haikwenda nao sawa. Safari nyingine tumia programu ya kamera inayokuruhusu kuweka shata, muda ambao kila picha inapokea mwanga, kwenye 1/50 ya sekunde na picha 25 kwa sekunde.

Sasa sauti, ambayo hukuniuliza, na kusema kweli ndiyo iliyonipa shida zaidi kuliko picha. Ulipiga tukio la mama na mtoto uani huku baa ya jirani ikicheza muziki. Kila ukikata, wimbo wa baa unaruka: neno linaanza, linakatika, linaingia neno la wimbo mwingine kabisa. Mtazamaji hatakuambia “sauti zako zinaruka”, atasema tu filamu inamchosha. Ulipolifunika jambo hilo kwa muziki wako juu ya ule wa baa, ukawa na miziki miwili inayogombana. Kwenye tukio lile huna namna nzuri ila kuchagua plani moja ambayo mazungumzo yake yanasikika, kuiacha sauti yake iende bila kukatwa chini ya plani zote, na picha ndizo zibadilike juu yake. Ukipiga tena, ongea na mwenye baa kwanza, na kabla ya kufunga kamera waambie wote wanyamaze urekodi nusu dakika ya ukimya wa mahali hapo. Ukimya wa chumba cha mabati na ukimya wa uani haufanani, na bila huo huna cha kuziba mashimo. Ndicho kitu ambacho kingekusaidia leo pale utakapofuta “Mama, lia sasa.” Kwa bahati, mwanzo wa plani ileile kuna karibu sekunde mbili kabla hujasema “twende”. Nakili hizo.

Picha na sauti si lazima zikatwe mahali pamoja. Hili likikuingia, nusu ya madoido yako utayatupa mwenyewe. Acha sauti ya soko ianze wakati bado tunamwona mama akifunga mlango wa nyumba. Tukifika sokoni tumekwisha kufika kwa masikio. Katika mazungumzo, usiruke kila mara kwa anayesema. Mtoto anapodanganya kwamba mwalimu amekubali kungoja minervali, sauti iendelee kuwa yake lakini sisi tuwe tunamwangalia mama anayesikiliza. Uongo unaonekana kwa anayeusikia.

Na kopo? Jaribu hili. Tuko kwenye kopo tupu, kimya. Ndani ya kimya hicho mlio wa simu mpya unaanza kuita, ule wa kwanza kabisa ambao simu inakuja nao, mwembamba. Tunadhani unatoka chumbani kwa mama. Sekunde moja, moja na nusu. Ndipo tunakata kwa mtoto, barabarani, simu ikiita mkononi mwake, na yeye haipokei, anaiangalia tu inavyong'aa. Unayo plani hiyo pia, uliitumia mapema, baada ya tukio la dukani. Ukifanya hivi hutahitaji hata noti moja ya piano.

Kwa muziki nakushauri uondoe wote kwanza. Wote. Tengeneza filamu ikae yenyewe bila muziki, halafu urudishe pale tu ambapo picha na sauti za mahali zimeshindwa. Muziki wa huzuni uliouweka unaanza kabla mama hajagusa godoro, kwa hiyo unatuambia tuhuzunike wakati hakuna kilichotokea, kama mtu anayekukonyeza kabla ya mzaha.

Madoido ya kuzungusha picha, nyota, na ukurasa unaofunguka: futa. Kwenye video za harusi yana mahali pake, familia inataka sherehe ing'ae na mimi mwenyewe nimekula mkate wa harusi hizo. Katika hadithi, kila nyota inamkumbusha mtazamaji kwamba kuna mtu ameketi mbele ya kompyuta. Picha kuzama taratibu kwenye nyeusi ni sawa pale siku inapokwisha au muda mrefu unapopita. Umelitumia mara moja vizuri, usiku ule kabla ya mtoto kuiba. Mara nyingine zote ni mkato wa kawaida.

Kuna mahali uliruka: mtoto yuko mlangoni, ghafla yuko kitandani, kamera palepale. Kama ni kwa makusudi, ili tuhisi wasiwasi wake kabla ya kuiba, fanya mara mbili au tatu mfululizo tujue umekusudia. Mara moja peke yake inaonekana kama faili imeharibika. Ukitaka kuificha, ingiza kati yake ile plani ya kuku uani. Kuku wamewaokoa mamontere, sisi wakata filamu, wengi.

Ukimaliza, usiwaonyeshe tena walewale wa mara ya kwanza. Wanajua kopo ni tupu. Tafuta watu wanne au watano wa avenyu nyingine, usiwaeleze chochote, na ukae pembeni unapowaona wao, si skrini. Kuwa na daftari. Mtu akigeuka kuangalia simu yake, andika dakika na sekunde. Mtu akimnong'oneza mwenzake “huyu nani?”, andika. Wakishamaliza usiwaulize kama ni nzuri, watakwambia ni nzuri. Waulize mama alijua lini. Majibu yakitofautiana sana, rudi kwenye mpangilio wa plani kabla ya kugusa urefu wake.

Toleo la sasa liache lilivyo, ulihifadhi kwa jina jingine, na rushi zote uzinakili kwenye flashi ya pili kabla hujabonyeza chochote, maana umeme wa Katuba unaujua. Ukishakuwa na matoleo mawili, moja uso ukitangulia na jingine kopo likitangulia, nitumie sekunde 30 za kila moja.